Kamera ya Kwanza: Kutoka Peni Sita hadi DSLR ya Mtumba

Klabu yetu imechanga fedha za kununua kamera moja. Nia ni kuwapiga picha wazee wa jamii ya Wazanzibari wa Chatsworth, vizazi vya watu waliokombolewa utumwani na kuletwa Durban kuanzia mwaka 1873. Jamii hiyo iliishi King's Rest, kule Bluff, hadi sheria ya ubaguzi wa makazi ilipoihamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Wazee wanapungua, nasi bado tunabishana: tusubiri hadi tumudu kamera mpya, au tununue ya mtumba sasa? Naona historia ya kamera ina jibu.

Tuanze hapa nyumbani. Ranjith Kally alizaliwa Isipingo, kusini mwa Durban, mwaka 1925, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Mwaka 1946 aliiona kamera ndogo ya Kodak kwenye mauzo ya vitu vilivyotumika, akainunua kwa peni sita. Baadaye akawa mpigapicha wa jarida la Drum, na kupitia kazi yake tunamwona Chifu Albert Luthuli pamoja na maisha ya kila siku ya Wahindi wa Natal. Kaskazini mwa pwani hiihii, Dar es Salaam, kijana Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianza na Box Brownie ya mtumba ya shilingi 40. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliushtua ulimwengu.

Hawa wawili hawakubahatika tu. Kodak ilipotoa Brownie mwaka 1900 kwa dola moja, upigaji picha ulitoka studio ukaingia mikononi mwa watu wa kawaida. Kamera za dijitali zilirudia safari hiyohiyo. Ile ya Kodak ya mwaka 1991, yenye pikseli milioni 1.3, iligharimu maelfu ya dola, hivyo ilikuwa mali ya vyombo vya habari. Mwaka 2003 Canon EOS 300D, yenye pikseli milioni 6, ilishusha bei ya DSLR chini ya dola 1,000. Tangu hapo kila toleo jipya husukuma la zamani kwenye soko la mitumba, na pikseli milioni 6 zinatosha kabisa kuchapa ukurasa mzima wa jarida hili.

Lenzi nazo zina historia yake. Lenzi za EF za Canon zilianza 1987, na mlango wa lenzi wa Nikon F ulianza 1959. Kwa hiyo lenzi hudumu kuliko kamera yenyewe, na ndiko fedha zetu ziende. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni ya bei nafuu, nayo huingiza mwanga takriban mara kumi ya ile ya kawaida inayoishia f/5.6. Sebuleni kwa bibi, hilo ni jambo kubwa. Tahadhari moja: Nikon ndogo kama D40 hazina mota ndani, hivyo lenzi za zamani zitalengwa kwa mkono.

Wanaopinga wana hoja: kitu cha mtumba hakina dhamana. Basi tukague. Tumulike lenzi kwa tochi kutafuta kuvu, maana unyevu wa Durban huipenda. Tuulize kamera imeshapiga picha ngapi. Tujaribu betri na kadi papo hapo.

Kally hakusubiri kamera bora. Napendekeza tununue DSLR ya mtumba na lenzi moja nzuri kabla muhula haujaisha, kisha twende Chatsworth tukabishe hodi.