Kabla ya intaneti: tarakilishi zilizowauliza watoto watafanya kazi gani

Mwaka 2025 wanafunzi wa Gredi ya 9 hapa Kenya, kundi la kwanza la mtaala wa CBC, walichagua mikondo ya sekondari ya juu na uchaguzi wao ukaingizwa mtandaoni. Mikondo ni mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, halafu Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hawa ni watoto wa miaka 14 au 15. Nimesikia watu wakisema kuwa hili la kumweka mtoto mbele ya mashine na kumuuliza atakuwa nani ni jambo geni kabisa. Si geni hata kidogo. Lina zaidi ya nusu karne, na chimbuko lake ni Marekani.

Tuanze nyuma kidogo. Frank Parsons alifungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, na kitabu chake kikatoka 1909 yeye akiwa amekwisha kufariki. Wazo lake: mjue kijana, zijue kazi, kisha fikiri sawasawa jinsi viwili hivyo vinavyohusiana. Sisi waandishi wa programu tukisikia hivyo tunaona majedwali mawili yanayosubiri kuunganishwa. Ndiyo maana tarakilishi zilipofika, kila mtu alidhani kazi ni rahisi.

Ila kulikuwa na onyo. Kuanzia mwaka 1951 Donald Super na wenzake waliwafuata wavulana wa darasa la tisa wa mji wa Middletown, jimbo la New York, kwa zaidi ya miaka 20. Waliona kwamba kazi anayoitaja mtoto wa umri huo haitabiri sana atakachokuja kufanya. Kilichokuwa na uzito zaidi ni kama mtoto amejifunza kupanga, kuuliza na kutafuta habari. Yaani kumshurutisha ataje jibu moja ni kumuuliza swali lisilo lake bado.

Sasa twende Villa Park, Illinois, mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika shule ya upili ya Willowbrook, mshauri aitwaye JoAnn Harris (baadaye Harris-Bowlsbey) na wenzake walijenga mfumo ulioitwa CVIS. Mwanafunzi aliketi kwenye skrini iliyounganishwa na tarakilishi ya IBM, akachagua aina ya kazi na kiwango cha masomo. Kazi zilipangwa kwa utaratibu wa mwanasaikolojia Anne Roe: nyanja nane, viwango sita. Mpaka hapo ni menyu tu, na menyu humchosha mtoto upesi.

Utamu ulikuwa hapa: mashine ilikuwa na rekodi zake za shule. Ukichagua kazi inayohitaji chuo kikuu huku alama zako zikiwa za chini, ilikuambia wazi kwamba viwili hivyo havipatani. Halafu ilikuruhusu uendelee. Mimi nadhani hiyo ruhusa ndiyo sehemu bora ya programu nzima, ingawa pengine ilikuwa mistari michache tu ya msimbo. Mtoto hukaza macho anapozungumziwa yeye mwenyewe, si "wanafunzi" kwa jumla. Lakini alama hueleza yaliyopita. Hazisemi kama nyumbani kulikuwa na taa ya kusomea. Mfumo unaofunga mlango kwa sababu ya alama za mwaka jana ungekuwa mbaya kuliko kutokuwa na mfumo. Harris aliendelea na kazi hiyo, na DISCOVER iliyotoka mikononi mwake ikaja kutumika pia kwa madarasa ya chini ya upili.

Harvard nako David Tiedeman alikuwa na mradi wake kuanzia 1966, wenye ndoto kubwa zaidi: mwanafunzi aongee na mashine mpaka data iwe habari yenye maana kwake. (Jirani yake pale MIT, Weizenbaum alichapisha ELIZA mwaka huohuo. Mazungumzo na mashine yalikuwa hewani.) Fedha zilikoma 1969 kabla mradi haujaenea mashuleni.

Waliofika mbali ni Oregon. Mfumo wao wa habari za kazi ulianza mwaka 1971, na ulikuwa na dodoso fupi lililoitwa QUEST: unapenda nini, unaweza nini, uko tayari kusoma miaka mingapi. Ukijibu, orodha ya kazi inapungua mbele yako. Ukibadilisha jibu moja, inapanuka tena. Shule isiyokuwa na tarakilishi ilipewa kadi zenye matundu kandokando: unapitisha sindano kwenye tundu la jibu lako, unainua, na kadi zinajitenga. Hiyo ni hoja ya hifadhidata bila umeme! Nimeifurahia kupita kiasi. Fikiria shule yenye tableti tatu na watoto sitini.

Kanada ilichukua njia nyingine miaka ya 1990 kwa The Real Game, iliyolengwa watoto wa darasa la 7 na la 8. Kila mtoto hupewa kazi ya kuigiza, mshahara wake na bajeti ya kupanga. Hapo hesabu ya asilimia hupata sababu ghafla. Haikuhitaji kompyuta.

Leo data ya kazi ya Marekani, O*NET, iliyoanza 1998, ni huru kupakuliwa na yeyote. Nimeona jinsi inavyovutia: jioni moja tu na una tovuti ya kazi yenye sura nzuri. Shida ni kwamba kondakta wa matatu hayumo, wala fundi wa jua kali wa Gikomba, wala wakala wa M-Pesa. Oregon hawakutumia takwimu za jumla za taifa na kuishia hapo. Walikusanya habari za ajira za jimbo lao, eneo kwa eneo, na kuzisahihisha mara kwa mara. Mtoto wa huko alipouliza kuhusu kazi fulani, mshahara aliouona ulikuwa ule wa kwao.