Gesti au nyumba ya kale: ulale wapi ukifika Mji Mkongwe?

Msikilizaji wetu mmoja wa Pasiansi amestaafu na anataka kumpeleka mkewe Zanzibar kwa siku nne, safari waliyoahidiana tangu walipooana. Watoto wanasema wachukue gesti na pesa itakayobaki waitumie kula vizuri. Mama anataka kulala, hata usiku mmoja, katika zile nyumba zenye milango ya kuchongwa. Ametuuliza: nani yuko sahihi?

Gesti anaijua. Pasiansi hazikosekani: feni, chandarua, choo ndani ukiongeza kidogo, na daftari la wageni mapokezi. Za Unguja ni hizohizo, ila mara nyingi staftahi imo ndani ya bei. Pale unalipia kitanda, basi.

Kwenye hoteli ya kihistoria unalipia nyumba yenyewe. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na nyumba zake nyingi ni za karne ya 19, za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikibebwa na boriti za mikoko. Mwenye nyumba hawezi kubomoa ukuta au kubadili dirisha atakavyo. Anahitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi. Maji yakipenya kwenye chokaa, ukuta huoza ndani kwa ndani. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Matunzo ya nyumba za namna hiyo ni ghali, na gharama hiyo inaishia kwenye bei ya chumba. Hispania serikali yenyewe iliamua kuibeba: tangu 1928 inaendesha hoteli zinazoitwa Parador, nyingi zikiwa ndani ya ngome na nyumba za zamani za watawa. Kwetu huibeba zaidi mwekezaji, na mgeni wake.

Si kila jengo lenye mlango wa kuchongwa lina historia ya kusimulia, lakini mengine yanayo kweli. Tembo House, pale ufukweni, ina jengo la 1834 lililowahi kuwa ubalozi mdogo wa Marekani. Africa House ilikuwa klabu ya Waingereza, mahali ambapo mwenyeji aliingia kuhudumia tu. Leo yeyote anaweza kukaa kwenye baraza lake la juu na soda yake, akitazama jua likizama, bila kuwa na chumba. Sisi tumefanya hivyo zaidi ya mara moja, kisha tukarudi kulala gesti.

Ndiyo maana ushauri wetu ni huu: usiku wa kwanza na wa pili walale gesti, wa mwisho walale nyumba ya kale. Siku ya kufika, ukishuka kwenye boti kutoka Dar es Salaam, umechoka. Utalala tu, na kulala hakuhitaji historia. Siku ya mwisho waende mapema, waache mizigo mapokezi hata kama chumba hakijawa tayari, waifaidi nyumba mchana kutwa.

Kabla ya kulipa, waulize bei ya wakazi na wabebe vitambulisho vya taifa, maana bei ya kwanza kutajwa huwa ya mtalii. Waulize pia kama kodi imo ndani. Julai, Agosti na mwisho wa Desemba bei hupanda. Wakati wa masika hushuka, ila waende na mwavuli.

Jambo moja ametuandikia mwishoni, kana kwamba ni dogo: magoti yanamsumbua. Nyumba hizi nyingi hazina lifti, na ngazi zake ni nyembamba na za kusimama wima. Aombe chumba cha chini, na athibitishiwe kwa maandishi kabla ya kutuma pesa.