Alama Iliyotekwa

Nilikuwa kidato cha tatu siku nilipomtusi mwuza vitambaa wa mtaani kwetu bila kujua. Zilikuwa siku za Diwali. Nilimkuta anachora kwa rangi nyekundu, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la hesabu, msalaba wenye ncha zilizopinda. Swastika! Wiki ileile mwalimu wa historia alikuwa ametusomesha habari za Hitler. Nikaropoka, "Mzee, kumbe na wewe Nazi?"

Hakunifukuza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana, hapa tunaomba heri tu. Yule aliikuta."

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka maktaba. Kumbe jina lenyewe ni la Kisanskriti, na maana yake ni jambo la heri. Alama hiyo imekutwa kwenye mihuri ya Bonde la Mto Indus yenye umri wa miaka zaidi ya 4000. Wahindu, Wabudha na Wajaini wanaiheshimu hadi leo.

Sasa Hitler aliipataje? Miaka ya 1870, Mjerumani Heinrich Schliemann alichimbua magofu ya Troy akaikuta kwenye vyombo vya udongo. Baadaye Wajerumani wenye kiburi cha taifa wakaidaka, eti ni nembo ya mababu zao "Waarya". Mwaka 1920 chama cha Nazi kikaiweka kwenye bendera yake, na mwaka 1935 ikawa bendera ya taifa. Chini ya bendera hiyo waliuawa Wayahudi milioni sita.

Kilichoniuma zaidi ni habari ya Arizona, Marekani. Wenyeji wa asili, wakiwemo Wanavajo, walikuwa wakiifuma kwenye mablanketi yao. Mwaka 1940 Wanavajo, Wahopi, Waapache na Wapapago walitia saini tangazo la kuiacha, kwa kuwa taifa jingine limeinajisi. Kosa si lao, hasara ikawa yao.

Basi nani mwenye alama? Siwezi kumwambia Myahudi aliyepoteza ukoo mzima asishtuke. Wala siwezi kumwambia yule mzee afute daftari lake. Wote wawili wana haki, na mwizi ni mmoja.

Sisi tunaoota kuandika vitabu tuogope kidogo. Neno nalo hutekwa hivyohivyo.

Nilirudi dukani kumtaka radhi. Safari hii niliuliza kwanza, nikanyamaza, nikasikiliza.