Kuni za Loughton

Leo twapenda kuwasimulia wasikilizaji wetu habari za kitu kinyonge, yaani kuni. Wala si kuni za kupikia tu, bali kuni za kumwokoa mtu na baridi. Wale wakaao Njombe, Lushoto au Limuru hawana haja ya kuelezwa maana ya kuamka alfajiri na kuona moto umezimika. Ndugu zetu wa pwani watatuwia radhi, maana baridi yao wao ni kipupwe.

Katika nchi ya Uingereza majira ya baridi huanza kuuma mwezi wa Novemba, na hata Machi bado hayajaachilia. Zamani nyumba ya maskini wa shamba ilikuwa na meko moja tu, nayo ilikuwa katikati ya sakafu; moshi ukapanda juu kwenye paa na kujitafutia njia. Dohani zilikuwa za wakuu na za watawa. Katika karne ya 16 ndipo watu wa kawaida walipoanza kujijengea, hata mwandishi mmoja, William Harrison, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walistaajabia wingi wa dohani zilizoota katika siku zao. Serikali nayo haikukawia kuziona: tangu mwaka 1662 hata mwaka 1689 kila meko ililipiwa kodi ya shilingi 2 kwa mwaka, ijapokuwa maskini kabisa walisamehewa. Makaa ya mawe yalikuwako, lakini kijiji kilicho mbali na bahari au mto yalikifikia kwa bei ghali mno. Basi kwa mtu wa shamba kuni ndizo zilizokuwa uhai wake.

Lakini kuni hutoka mtini, na mti una mwenyewe. Wafalme wa Kinormani walipoishika nchi waliyatwaa mapori makubwa kuwa misitu ya kuwindia, wakaweka sheria kali za kuwalinda paa na kulungu wao. Mwaka 1217, katika utawala wa Henry wa Tatu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 10, ilitolewa Hati ya Msitu. Hati hiyo iliwapunguzia watu taabu nyingi: iliagiza kwamba mtu asiuawe wala asikatwe kiungo kwa sababu ya mnyama wa mfalme, na wale waliokuwa na desturi ya kuitumia misitu hiyo wakarudishiwa desturi yao. Wasikilizaji walishike neno hilo la desturi, maana kisa chetu chote kimetundikwa juu yake.

Upande wa kaskazini na mashariki ya London, mwendo wa maili 12 hivi, kipo kijiji cha Loughton, kando ya Msitu wa Epping. Wenyeji wa hapo walikuwa na desturi ya kupogoa miti ya msitu na kuchukua matawi kuwa kuni zao za baridi. Walianza usiku wa manane kuingia tarehe 11 Novemba, wakaendelea hata tarehe 23 Aprili. Usiku ule wa kwanza walikusanyika msituni, na saa sita ilipolia shoka la kwanza lilipaswa kulia pia. Waliamini kwamba ukipita mwaka mmoja pasipo mtu kukata tawi saa ile, haki yao imekufa. Wazee walisema walipewa haki hiyo na Malkia Elizabeth wa Kwanza. Hati ya kuthibitisha hayo haikuonekana.

Hapo yafaa tueleze kidogo jinsi walivyokata, kwani watu wengi hudhani mkata kuni ni adui wa mti. Watu wa Loughton hawakuangusha mti. Waliyakata matawi juu ya kimo cha mtu, wakakiacha kigogo kimesimama. Sababu yake ni hii: mti ukikatwa karibu na ardhi huchipua, lakini machipukizi yale huliwa na ng'ombe na kulungu, ukikatwa juu, wanyama hawayafikii. Baada ya miaka kadhaa matawi yamenenepa, mti ukapogolewa tena, nao ukaweza kuendelea hivyo kwa mamia ya miaka, ng'ombe wakilisha chini na wanadamu wakivuna juu. Mti waliousifu sana ni ule ambao Waingereza huuita hornbeam, mgumu hata hutia shoka butu, lakini moto wake ni mkali na huchelewa kufa. Tena walikata wakati wa baridi. Kuni zilizokatwa majira hayo na kuwekwa zikauke ndizo kuni njema.

Reli ilifika Loughton mwaka 1856. Tangu hapo ardhi iliyokuwa ya mbuzi na miiba ikawa ya thamani, maana wenye mali wa London walitaka nyumba penye miti. Katika miaka ile ile serikali ilikuwa ikiuza haki za mfalme juu ya msitu, na wanunuzi walikuwa wale mabwana wenye ardhi. Bwana wa Loughton, padre John Whitaker Maitland, alizungushia ua sehemu kubwa sana ya msitu wa hapo. Husimuliwa kwamba usiku mmoja wa Novemba watu wa kijiji waliandaliwa karamu, wapewe vyakula na pombe hata saa sita iwapite. Lakini mzee mmoja, Thomas Willingale, alitoka polepole, akaenda msituni, akakata tawi lake kwa wakati, akarudi nalo mezani. Kama ni kweli au ni nyongeza ya wasimulizi, hatuapi. Lililo hakika ni kwamba aliendelea kukata ndani ya ua, yeye na jamaa zake, na mwaka 1866 watatu katika jamaa yake walihukumiwa na kutiwa gerezani.

Mwaka uliotangulia kilikuwa kimeundwa chama cha kuhifadhi ardhi za watu wote, nacho kikamsaidia mzee huyu kufungua kesi. Sheria ilimkalia vibaya. Mahakama za Kiingereza zilikuwa zimekwisha kuamua zamani kwamba watu wa kijiji kwa jumla, leo hawa na kesho wale, hawawezi kudai kwa desturi tu kuchukua mali katika ardhi ya mwingine. Lazima wawe wamepewa na mfalme. Ndiyo maana ile habari ya Malkia Elizabeth, iliyokuwa hadithi ya mekoni, ikawa ndiyo nguzo ya kesi. Mwaka 1870 Willingale akafa kabla ya hukumu, na kesi ikafa pamoja naye.

Ndipo Baraza la Jiji la London lilipoingia, mwaka 1871. Wao hawakudai kuni. Walikuwa wamenunua shamba la kufanyia makaburi karibu na Ilford, na shamba lile lilikuwa na haki ya kulisha ng'ombe msituni. Kwa hiyo wakadai kwamba ng'ombe wa kila mwenye haki waweza kulisha msitu mzima, wala hakuna awezaye kuukatakata kwa nyua. Mwezi wa Novemba mwaka 1874 jaji Sir George Jessel aliwapa haki. Lililoshindwa kwa kuni za maskini likashinda kwa ng'ombe wa makaburini. Sheria ina njia zake.

Mwaka 1878 Bunge lilipitisha Sheria ya Msitu wa Epping, msitu ukawekwa mikononi mwa Jiji uwe mahali pa watu wote kutembea na kupumzika, na Malkia Victoria akaja mwenyewe kuufungua tarehe 6 Mei, 1882. Lakini kupogoa kulikomeshwa. Wenyeji wa Loughton walilipwa fidia ya pauni 7,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikajenga ukumbi wa kijiji, uliofunguliwa mwaka 1884 na kuitwa Lopping Hall, yaani Ukumbi wa Kupogoa. Twakubali kwamba bila mapatano hayo pengine msitu wote ungaliuzwa viwanja. Lakini ukumbi ni wa siku ya mkutano, na baridi ni ya kila usiku. Na mjane aliyezoea kupata tita lake bure, tangu mwaka ule alilazimika kununua.

Miti nayo haikutulia. Vigogo vilivyozoea kupunguzwa viliachwa, matawi yakawa mazito kama miti mingine iliyopandwa juu ya miti, kivuli kikaifunika ardhi, na majani ya chini yakafifia. Siku hizi watunzaji wa msitu wamerudia kuipogoa baadhi yake. Ukumbi ungali umesimama, na juu ya mlango wake wa zamani imechongwa picha ya watu walio kazini, wakikata matawi.