Breki ya hewa ilipimwa hapa kwetu

Wasee, mshawahi kuona mkokoteni uliojaa magunia ya viazi ukishuka mteremko hapa Thika? Breki yake ni kipande cha tairi huko nyuma. Jamaa anainua mikono ya mkokoteni, tairi linasugua lami, mwendo unapungua. Akiinua kidogo tu, mzigo unamshinda. Akizidisha, viazi vyote viko barabarani.

Vyombo vya angani pia hufunga breki hivyo, ila vyenyewe vinasugua hewa. Chombo kinapita kwenye hewa nyembamba juu ya sayari, hewa inakivuta, mzunguko wake unapungua bila kuchoma mafuta mengi. Shida ni kwamba lami ya leo ndiyo ya kesho, lakini hewa hubadilika. Jua likichafuka, hewa ya juu inavimba na mvuto unaongezeka ghafla.

Sasa sikizeni. Tarehe 26 Aprili 1967, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni, karibu na Malindi. Kazi yake ilikuwa kupima hewa hiyo juu ya ikweta. Hewa ilisukuma ganda lake la nje, na kipimo kilichokuwa ndani kikasoma nguvu ya msukumo. Oktoba mwaka huo huo, hewa ile ile ikaishusha, ikaungua.

Miaka 30 baadaye, 1997, Mars Global Surveyor ya NASA ilianza kutumia hewa ya Mirihi kama breki. Paneli yake moja ya sola haikuwa imejifunga sawasawa, na hewa ikaipinda. Wahandisi wakakipandisha chombo, wakapumzika wiki kadhaa, kisha wakaanza tena polepole. Kazi ya ramani iliyopangwa Machi 1998 ikaanza Machi 1999. Walipoteza mwaka, lakini chombo kikapona.

Mimi nimemaliza fomu foo hapa Kiandutu bila kusikia jina Ngomeni darasani hata siku moja. Hiyo inaniuma. Bahari ilikuwa yetu, vipimo na hesabu vikawa vya wengine. Taifa-1, setilaiti yetu, ilirushwa kutoka Marekani Aprili 2023, na hata huko juu kuna hewa kidogo ya kuivuta. Safari hii, hesabu ya breki tuifanye sisi. Jamaa wa mkokoteni ashatuonyesha pa kuanzia.