Saratani ya Miguuni Iliyofika Tumboni

Katika miaka ya 1950, madaktari wa Kongo ya Kibelgiji walikuwa wakiwapokea wanaume wenye shida moja: vinundu vya zambarau iliyokolea miguuni, vigumu ukivibonyeza, na mguu unaozidi kuvimba. Daktari Moritz Kaposi alikuwa ameueleza ugonjwa huo Vienna mwaka 1872, kutokana na wagonjwa watano. Ulaya ulibaki nadra, ukiwapata hasa wazee. Huku kaskazini-mashariki mwa Kongo, pande za Beni na Butembo, hadi magharibi mwa Uganda, ulihesabiwa kati ya saratani za kawaida. Mwaka 1961 wataalamu wakakutana Kampala kuujadili peke yake. Kwa nini uwe mwingi huku? Waliachana bila jibu.

Fununu ya jibu ilitoka kwa waliopandikizwa figo. Ili mwili usiikatae figo ya mwingine, mgonjwa humeza dawa za kushusha kinga. Mwaka 1969 jarida la madaktari wa Marekani lilieleza habari za mgonjwa wa namna hiyo aliyepatwa na saratani ya Kaposi, nayo imeenea hadi viungo vya ndani.

Mpira wa endoskopia, wenye kamera, ukishushwa tumboni mwa mgonjwa kama huyo, huweza kuonyesha madoa mekundu yaliyotuna juu ya utando laini. Saratani nyingine changa ya tumbo, ikiwa bado iko kwenye utando, hukatwa kwa kisu kidogo kinachopitishwa ndani ya mpira huohuo, bila kupasua. Ya Kaposi haiishi kwa kisu, maana huchipuka mahali pengi.

Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua virusi vinavyosababisha saratani ya Kaposi. Vimeenea sana katika ukanda wetu, na kinga ikiwa imara hulala tu mwilini. Mwaka 2005 madaktari wa Italia waliwabadilishia dawa wagonjwa 15 waliopandikizwa figo na kupata saratani hii, wakawapa sirolimusi, dawa nyingine ya kuzuia figo isikataliwe. Katika miezi mitatu vinundu vya ngozi vilitoweka kwa wote.

Leo upandikizaji wa figo umesogea karibu: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2017, na ya Mulago, Kampala, tangu 2023. Mtu wa Butembo akivuka mpaka wa Kasindi kwenda kutafuta figo Kampala, historia hii ni yake. Daktari na amvue viatu, azitazame nyayo zake, kabla ya figo na baada yake.