Kukadiria uhai wa bomba la majitaka

BOMBA la saruji la majitaka huanza kulika juu, mahali ambapo maji hayafiki. Katika utelezi ulio chini ya maji, bakteria wasiohitaji hewa huzalisha haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama mayai viza. Gesi hiyo hupanda hadi kwenye dari ya bomba yenye unyevu, ambako bakteria wengine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Asidi nayo huifanya saruji kuwa jasi laini, isiyo na nguvu.

Bakteria hao walibainishwa mwaka 1945 na C. D. Parker, mtafiti wa Melbourne, Australia. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Richard Pomeroy na wenzake walieneza kanuni ya kukadiria ulikaji: gesi ikizidi, kasi huongezeka, uwezo wa saruji wa kuzima asidi ukiwa mkubwa, kasi hupungua. Ndiyo sababu kokoto za mawe ya chokaa hulinda bomba kuliko za itale.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Iwapo nondo zimefunikwa kwa saruji ya milimita 25, nayo yalika milimita 2.5 kila mwaka, zitafichuka baada ya miaka 10.

Hata hivyo, bomba jipya huhadaa. Mwanzoni saruji huwazuia bakteria hao kustawi, na mkaguzi huliona zima. Kinga hiyo ikiisha, ulikaji huanza kwa kasi. Mji unaosubiri hadi barabara ititie huwa umeshachelewa.